Kikombe Kidogo cha Mama Basil

Kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri, Dominika alifungua jiko la hosteli ya kanisa mjini Newala. Alianza na moto. Kisha alibandika maji ya chai na sufuria ya maharage. Baada ya hapo alikanda unga wa maandazi. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka kumi na moja. Katika miaka hiyo, hakuna mgeni aliyeondoka hosteli na njaa. Yeye mwenyewe alilisema hilo mara kwa mara. Kwa kuwa lilikuwa kweli, watu walimwacha aseme.

Watu walimwita Mama Basil, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mumewe, Alfredi, alikuwa mkulima wa korosho. Shamba lao lilikuwa Chilangala. Alfredi alishughulika na mikorosho na mihogo, na Dominika alishughulika na jiko. Kila mmoja alijua mipaka yake. Nyumba ilikuwa na amani.

Kahawa ya hosteli ilipikwa kwenye birika. Maji yalichemka, unga wa kahawa ukaingia, tangawizi iliyopondwa ikafuata. Vyote viliachwa vitulie kidogo, kisha vikachujwa. Wageni waliinywa kwenye vikombe vikubwa, na walishukuru.

Mwezi wa nane, marafiki wa kanisa kutoka ng'ambo walileta zawadi. Ilikuwa mashine ya espreso. Ilikuwa ya chuma kinachong'aa, na uzito wake ulikuwa kama gunia la unga. Ilikuja na mashine nyingine ndogo ya kusagia kahawa. Ilikuja pia na vikombe kumi na viwili vidogo sana. Vikombe vile vilimchekesha Dominika. Aliona ni vya watoto kuchezea, akavifungia kabatini.

Fundi aliyeifunga mashine alikaa nusu saa tu. Alionyesha pa kutia maji, pa kutia kahawa, na kitufe cha kubonyeza. Kisha alitazama saa yake na kukimbilia gari la Mtwara. Tangu hapo mashine ilikuwa mali ya Dominika, yeye na Mungu wake.

Hapa inafaa kueleza jambo moja kuhusu watu wa Newala. Mji wao uko juu ya uwanda. Zamani, na si zamani sana, maji yalichotwa chini bondeni. Wanawake waliteremka alfajiri na kupanda mlima na ndoo kichwani, jua likiwa limeshakuwa kali. Maji yalikuwa jasho la mtu. Mgeni akipewa kata ya maji iliyojaa hadi ukingoni, alijua ameheshimiwa. Akipewa nusu, alielewa, akaaga mapema. Siku hizi kuna bomba, na kuna matangi ya maji ya mvua. Lakini mkono wa Dominika haukuwa na habari na bomba. Chombo chochote alichompa mgeni kilijaa.

Kwa hiyo aliweka kikombe kikubwa chini ya mashine. Alitia ule unga wa kahawa ya birika, akabonyeza kitufe. Mashine ilinguruma na kahawa ikaanza kutoka. Aliiacha itoke mpaka kikombe kikajaa, dakika nzima na zaidi. Alipompelekea mgeni, alijiona amefanya kazi nzuri.

Hosteli ilikuwa na kitabu cha maoni ya wageni. Dominika alijifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la jioni la kanisa. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Siku moja mwezi wa tisa alisoma hivi: "Chakula kizuri sana. Kahawa ya mashine ni chungu, tena nyepesi."

Alirudia mara tatu. Chungu, tena nyepesi! Kitu kinawezaje kuwa kichungu na chepesi kwa wakati mmoja? Alidhani mgeni yule alikuwa mtu wa kulalamika tu. Lakini wiki iliyofuata mgeni mwingine aliandika maneno karibu yale yale. Wa tatu hakuandika. Aliacha kikombe mezani, kimejaa.

Dominika alijaribu kurekebisha. Aliongeza kahawa. Uchungu ukazidi. Aliongeza sukari. Ikawa kahawa chungu yenye sukari. Aliiacha mashine itoe maji mengi zaidi, akidhani uchungu utapungua. Hapo mambo yakaharibika kabisa.

Siku ya Ijumaa Katibu wa hosteli, Bwana Godwin, aliingia jikoni. Alikuwa mtu mzima mwenye miwani na sauti ya taratibu. Hakuwa na kawaida ya kuingia jikoni.

"Shikamoo Katibu," alisema Dominika.

"Marahaba, Mama Basil. Habari za kazi?"

"Nzuri."

"Si nzuri sana," alisema Katibu. "Kamati imekaa. Mashine ile ni zawadi. Waliotupa watakuja kututembelea mwakani. Wakikuta imetushinda, tutauweka wapi uso wetu?"

Dominika aliweka mwiko chini.

"Mwisho wa mwezi huu kuna semina ya wadau wa korosho," Katibu aliendelea. "Siku tatu, wageni kumi na wanane. Wengine ni watu wa mjini, wanaijua kahawa. Ikilalamikiwa tena, tutamwita binti mmoja wa Mtwara. Anaitwa Glory. Amesomea mambo ya hoteli."

"Atashika mashine?"

"Atashika jiko. Hatuwezi kuwa na wakuu wawili."

"Na mimi?"

Katibu alivua miwani na kuifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Kuna kazi ya kufua mashuka," alisema.

Maneno yale yalimuuma Dominika. Kufua si kazi ya aibu, na mikono yake haikuogopa maji. Lakini jiko lile alilijua kama anavyoijua nyumba yake. Alijua sufuria ipi inaunguza na dirisha lipi linaingiza moshi. Aliona anafukuzwa kwake mwenyewe kwa sababu ya kitu kilichokuja juzi.

Jioni alipika ugali wa muhogo na mbaazi za nazi. Alfredi alikula. Dominika alimega tonge moja, akaliacha.

"Kuna nini?" aliuliza Alfredi.

Akamweleza yote. Alfredi alisikiliza huku akila, kwa sababu mbaazi zilikuwa nzuri.

"Mimi ile mashine siipendi," alisema mwishowe. "Unakumbuka siku ile uliponionjesha? Moyo ulinienda mbio mpaka nikashindwa kulala mchana."

"Ulikunywa vikombe vitatu, Baba Basil. Vikubwa."

"Vilikuwa vya bure." Alfredi alinawa mikono. "Sikiliza. Mke wa Mwalimu Lameck, yule Scholastika, si alifanya kazi kwenye hoteli Dar? Nasikia alikuwa wa kahawa tu. Kutwa kahawa."

"Nimfuate mtoto yule nimwambie kahawa imenishinda?"

"Mwambie mashine imekushinda. Habari za kahawa usizitaje."

Dominika alicheka bila kupenda. Jumapili asubuhi, baada ya ibada, alikwenda.

Scholastika alikuwa mwenyeji wa Mbinga. Aliolewa Newala miaka miwili iliyopita. Alikuwa mdogo kwa Dominika kwa miaka kumi na mitano hivi. Watu wa mtaani walimwona anajisikia, kwa sababu alikuwa mkimya. Kumbe alikuwa mgeni tu, na hakuna aliyemwuliza kitu.

"Shikamoo Mama Basil," alisema, akainuka haraka. "Karibu ndani."

"Marahaba, mwanangu. Sikai. Nina shida ya mashine."

Dominika alieleza. Scholastika aliuliza maswali mawili matatu, kisha akafunga khanga yake vizuri na kuchukua kifuko cha buni, punje za kahawa zilizokaangwa.

"Twende tukaione," alisema.

Ilikuwa saa tano asubuhi. Hosteli haikuwa na wageni siku hiyo. Scholastika alisimama mbele ya mashine akaigusa kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani.

"Kwanza nionyeshe unavyofanya."

Dominika alionyesha. Alitia kahawa, akaweka kikombe kikubwa, akabonyeza kitufe. Kahawa ilitoka kwa kasi, ikaendelea kutoka. Scholastika alitazama mpaka kikombe kilipojaa.

"Mama, mashine hii haikuja na vikombe vidogo?"

"Vile vya watoto?"

Scholastika alicheka kwa sauti. Ilikuwa mara ya kwanza Dominika kumsikia akicheka. Vikombe vilitolewa kabatini vikiwa bado na karatasi zake.

"Hebu niambie tangu mwanzo," alisema Dominika. "Hiyo kahawa ya espreso inalimwa wapi? Huko Mbinga ipo?"

"Hailimwi popote, mama. Espreso si aina ya mbuni, yaani mti wa kahawa. Ni namna ya kutengeneza. Kahawa ya shamba la baba yangu unaweza kuipika kwenye birika. Hiyo hiyo unaweza kuitia kwenye mashine, ikawa espreso."

"Kahawa ni moja?"

"Kahawa ni moja. Njia ndiyo mbili. Tazama. Kwenye birika, unatumia nini kuitoa ladha ya kahawa?"

"Maji ya moto."

"Na nini tena?"

Dominika alifikiri. "Naiacha itulie."

"Ndiyo, muda. Maji na kahawa vinakaa pamoja dakika nne, tano. Hakuna anayeviharakisha. Sasa mashine haina muda huo. Yenyewe inatumia nguvu. Maji ya moto yanasukumwa yapite katikati ya kahawa. Nusu dakika, kazi imekwisha."

"Nguvu kama ya nini?"

"Mnapopulizia mikorosho dawa, msipopampu inakuwaje?"

"Inadondoka tu."

"Na mkipampu?"

"Inaruka mpaka juu ya mti."

"Basi ndani ya mashine hii kuna pampu. Ndiyo maana inanguruma."

Dominika aliitazama mashine kwa jicho jipya kidogo. Mambo ya pampu aliyaelewa vizuri. Alibeba maji ya pampu ya Alfredi kwa misimu mingi.

Scholastika alichukua kahawa kavu ya birika kidogo, akaimwaga kwenye kiganja cha Dominika.

"Isugue. Unaionaje?"

"Ina chenga."

"Kwa birika inafaa. Lakini ukiitia humu, maji yanapita kasi kama kwenye mchanga. Hayachukui ladha." Alitia buni zake kwenye mashine ya kusagia, akazisaga laini. "Sasa isugue hii."

"Laini kama chumvi ya mezani. Laini zaidi kidogo."

"Hapo hapo. Isifike kuwa vumbi kama unga wa ngano, maana maji yatakwama."

Alipima kahawa kwenye mizani ya keki, gramu kumi na nane. Aliitia kwenye kile kichujio cha chuma chenye mpini, akaisawazisha kwa kidole, kisha akaishindilia. Kabla ya kukifunga kichujio, aliiruhusu mashine iteme maji kidogo.

"Unamwaga maji?" Dominika alishtuka.

"Yanasafisha mdomo wa mashine, mama."

Dominika alikwisha kukinga jagi. Maji yale yaliishia kwenye mche wa mchicha nyuma ya jiko. Tangu siku hiyo jagi lilikaa pale pale.

"Sasa nitakuonyesha siri ya yule mgeni wako," alisema Scholastika. "Wewe hesabu sekunde kwa sauti."

Alipanga vikombe vidogo vitatu na kubonyeza kitufe. Sekunde chache zilipita bila kitu. Kisha kahawa nyeusi ilianza kutiririka taratibu, nyembamba kama mkia wa panya. Dominika alihesabu. Alipofika kumi na tano, Scholastika aliondoa kikombe cha kwanza na kuweka cha pili. Alipofika ishirini na nane, aliweka cha tatu. Cha tatu kilikinga mpaka dakika ikatimia.

"Onja kwa mpangilio."

Dominika alionja cha kwanza. Kilikuwa kizito na kikali, chenye uchachu. Alikunja uso. Cha pili kilikuwa laini zaidi, kina uchungu kidogo na utamu kidogo. Kisha alionja cha tatu. Alikaa nacho mdomoni, akakitema kwenye sinki.

"Majivu," alisema. "Maji ya majivu."

"Chungu?"

"Chungu."

"Nyepesi?"

Dominika aliweka kikombe chini. Alikuwa ameelewa. Mgeni wake hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuwa ameandika kile alichokionja, neno kwa neno.

"Kahawa hutoa vizuri vyake mwanzo," alisema Scholastika. "Ukiendelea kupitisha maji, vizuri vimekwisha, unabaki kukamua uchungu. Na maji ni mengi, ndiyo maana inakuwa nyepesi. Sasa changanya hivyo viwili vya kwanza."

Dominika alivichanganya. Juu yake palikuwa na povu jembamba la rangi ya asali. Alionja. Ule ukali wa kwanza ulikuwa umetulia, na uzito ulibaki. Ladha ilikaa mdomoni hata baada ya kumeza.

"Hiyo ndiyo espreso," alisema Scholastika. "Kahawa gramu kumi na nane, kinywaji gramu thelathini na sita au karibu na hapo. Unapata vikombe viwili vidogo. Sekunde ishirini na tano mpaka thelathini. Ikitoka kasi, saga laini zaidi. Ikikwama, saga kwa chenga kidogo."

"Na Baba Basil je? Anasema ilimpigisha moyo."

"Alikunywa kiasi gani?"

Dominika alimwambia. Scholastika alitikisa kichwa.

"Ndani ya kahawa mna kitu kinaitwa kafeini. Ndicho kinachomfanya mtu asilale. Espreso ni kali kwa kila tone. Lakini matone yake ni machache. Kikombe kikubwa cha kahawa ya birika mara nyingi kina kafeini zaidi kuliko kikombe kimoja kidogo cha espreso. Tatizo ni kuzidisha. Baba Basil alizidisha. Mwenye shida ya moyo au presha, na mama mjamzito, aulize zahanati kwanza kahawa kiasi gani inamfaa. Iwe ya birika, iwe ya mashine."

Mpaka hapo mambo yalikwenda vizuri. Lakini Dominika alikishika kile kikombe kidogo, akakitazama. Kahawa ilifika nusu tu. Akakirudisha mezani.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi nini?"

"Kumpa mgeni hii. Mtu ametoka Lindi, ametoka Dar, nimpe matone! Ataona namfukuza. Mama yangu akiniona, atafufuka."

Scholastika alianza kueleza tena habari za ladha, akaona haisaidii. Ulimi wa Dominika ulikuwa umekubali. Mkono ndio uliokataa.

Dominika alizunguka jikoni akipanga vitu vilivyokwisha kupangwa. Kisha alichukua bilauri, akaijaza maji ya kunywa mpaka ukingoni. Aliiweka kwenye sinia ndogo kando ya kikombe kile. Alirudi nyuma hatua moja na kuitazama sinia.

"Hivi," alisema. "Hivi naweza."

Scholastika alipiga makofi.

"Mama Basil! Hotelini Dar tulifundishwa hivyo hivyo. Espreso na maji kando, mgeni asafishe kinywa. Nani kakuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Mgeni anapewa maji."

Kulikuwa na jambo la mwisho. Wako wageni watakaotaka kikombe kikubwa cha kahawa ya mashine. Hao nao walikuwa na njia yao. Unatengeneza espreso kama kawaida, unasimamisha mashine, kisha unaongeza maji ya moto kwenye kikombe. Maji hayapiti tena kwenye kahawa, kwa hiyo hayakamui uchungu. Scholastika aliiita kahawa ndefu.

Kwa wiki mbili Dominika alifanya mazoezi. Scholastika alikuja kila alasiri. Siku ya tatu kahawa ilikwama. Siku ya tano ilitoka kama mvua. Siku ya nane ilitoka vizuri, na siku ya tisa pia. Dominika aliandika karatasi kwa mkono wake na kuibandika ukutani: "Saga laini. Gramu 18. Shindilia. Sekunde 25 hadi 30. SIMAMISHA." Neno la mwisho aliliandika kwa herufi kubwa, kwa sababu alijijua.

Semina ilianza Jumanne, na mashine ilihamishiwa kwenye kona ya ukumbi wa chakula. Siku ya kwanza Dominika aliwauliza wageni wote wanataka nini. Kumi na mmoja walitaka kahawa ya birika na tangawizi yake. Wanne walitaka chai. Watatu walitaka ya mashine. Aliwapa kila mmoja chake. Hakuna aliyelalamika, lakini siku zilikuwa bado mbili.

Siku ya pili, wakati wa mapumziko ya saa nne, Katibu Godwin alikuja kuangalia. Dominika alikuwa amebeba sinia. Alikuwa akimpelekea mnunuzi mmoja wa korosho kutoka Mtwara, Bwana Fakihi. Katibu alitupa jicho kwenye sinia. Aliona kikombe cha kuchezea, na ndani yake kahawa nusu.

Yeye naye alikuwa mtu wa Newala. Mama yake pia aliteremka bondeni.

"Mama Basil!" alinong'ona kwa ukali. "Unatuaibisha! Mgeni mkubwa kama huyu unampa nusu kikombe?"

Kabla Dominika hajajibu, Katibu alikichukua kikombe. Alikwenda nacho moja kwa moja kwenye mashine, akakiweka chini ya mdomo wake. Kidole kilielekea kwenye kitufe. Kichujio chenye kahawa iliyokwisha kutumika kilikuwa bado mahali pake.

"Katibu, usiguse!"

Sauti ya Dominika ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Wageni waligeuka. Katibu alibaki ameinua kidole. Katika miaka kumi na moja, Dominika hakuwahi kumwambia hivyo.

"Unanikataza nisimjazie mgeni?" alisema Katibu polepole.

Dominika aliyaona mashuka machoni pake. Hata hivyo alisogea akasimama kati ya Katibu na mashine.

"Naomba dakika moja tu, Katibu. Nikikosea, nipe kazi ya mashuka leo leo."

Aliondoa kile kidogo, akaweka kikombe kikubwa chini ya mashine, akabonyeza mwenyewe. Aliacha maji yapite kwenye kahawa ile iliyokwisha nguvu. Kisha akampa Katibu.

"Hii ndiyo ya kujaza. Onja."

Katibu alionja. Alikuwa mbele ya wageni, hakuweza kutema. Alimeza kwa shida.

"Sasa onja hii ya nusu."

Katibu alikunywa funda moja kwenye kikombe kidogo. Alikunywa la pili. Miwani ilikuwa imeingia mvuke, akaivua.

"Zote zimetoka kwenye kahawa moja?" aliuliza.

"Kahawa moja. Ya kwanza inatoka na ladha. Inayofuata inatoka na majivu. Kazi yangu ni kujua pa kusimama."

Pale mezani Bwana Fakihi alikohoa kwa adabu.

"Bwana Katibu," alisema, "nadhani hiyo unayokunywa ilikuwa yangu."

Watu walicheka, na Katibu akacheka pia, ingawa alichelewa kidogo. Dominika alitengeneza nyingine. Sekunde ishirini na saba. Bwana Fakihi aliinywa kwa mafunda matatu, akashushia na maji, bilauri nzima.

"Sikutegemea kuikuta Newala," alisema. "Umejifunzia wapi, mama?"

"Kwa jirani yangu, mke wa mwalimu. Kwao wanalima kahawa."

Katibu alivuta kiti akakaa.

"Mama Basil," alisema kwa sauti ya chini, "mimi nipe ile ya birika. Na tafadhali, kijaze."

Dominika alimjazia mpaka ukingoni.

Semina ilikwisha Alhamisi. Kwenye kitabu cha maoni hakuna aliyetaja uchungu. Mtu mmoja aliandika kwamba maandazi yalikuwa madogo. Dominika alikasirika kidogo kwa hilo, kisha akasahau.

Mtaani nako mambo yalibadilika. Wanawake wawili walikwenda kwa Scholastika kumwuliza habari za kukaanga buni. Alfredi aliruhusiwa kikombe kimoja cha kahawa kwa siku, asubuhi. Alilalamika, lakini alilala vizuri.

Jumatatu Katibu aliingia tena jikoni. Dominika alikuwa anakanda unga. Alimwona akivua miwani na kuifuta, mikono ikasimama ndani ya unga.

"Shikamoo Katibu."

"Marahaba. Yule binti wa Mtwara, Glory, anakuja wiki ijayo."

Dominika alitazama dirisha linaloingiza moshi.

"Anakuja kushika jiko?"

"Anakuja kujifunza," alisema Katibu. "Kamati imesema akae chini yako miezi mitatu. Nimeongea naye kwenye simu. Cheti anacho, lakini mashine ameigusa mara mbili tu. Utampangia kazi wewe."

Dominika aliendelea kukanda. Alikanda kwa nguvu, kwa muda, bila kuinua uso, kwa sababu machozi yalikuwa yamemjaa na hakutaka Katibu ayaone.

"Mwambie afike saa kumi na moja na nusu alfajiri," alisema. "Jikoni kwangu hatuchelewi."